Maswali na majibu: Kabla ya kutoa, ulizeni kinachohitajika

Swali (Arusha mjini): Sisi ni kampuni ya utalii, na tunataka kuwachimbia kisima wananchi wa kijiji kimoja cha Arumeru. Tuanzie wapi?

Anzeni maabara, kabla hamjamwita mkandarasi. Maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floridi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo maana mnakutana na watoto wenye meno ya kahawia, na wengine miguu imepinda. Kuchemsha hakuondoi floridi; chujio la mkaa wa mifupa huipunguza, lakini mkaa nao huchoka na lazima ubadilishwe. Kampuni inayochimba bila kupima, ikachora nembo yake kwenye tangi na kuondoka, imewadhuru watu iliokusudia kuwasaidia. Ombeni kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, washirikisheni RUWASA, wakala wa maji vijijini, kisha mkubaliane na mkutano wa kijiji ni nani atakayenunua vipuri pampu itakapoharibika. Nimeona pampu ya mkono iliyokaa bila kutumika kwa kukosa kipande cha mpira cha bei ndogo, huku akina mama wakiipita na ndoo kichwani kuelekea mtoni.

Swali (Moshi): Je, mchango wetu utatupunguzia kodi?

Ndiyo, ukitolewa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa au mradi wa maendeleo ya jamii, kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara yanayotozwa kodi. Tunzeni risiti.

Swali (Njiro): Tupeleke wapi nguo na biskuti za sikukuu kwa ajili ya yatima?

Swali hili hurudi kila Desemba, na kila Desemba ninajibu vilevile: pigeni simu kwanza kwa kituo na kwa afisa ustawi wa jamii. Watoto hao wanahitaji unga na dawa mwezi Machi pia, wakati hakuna gari la wageni getini. Msizitumie sura zao katika matangazo yenu. Zaidi ya hayo, watoto wengi wa vituoni wana ndugu walio hai, na bibi akiwezeshwa kumlea mjukuu wake nyumbani, mtoto hufaidika kuliko kuongezewa kitanda bwenini.

Swali (mkazi jirani na machimbo): Je, kampuni inalazimika kutusaidia?

Ya madini, ndiyo. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Ninasikitika kwamba vijiji vingi huusikia mpango huo siku ya kukabidhiwa madawati, wakati walihitaji zahanati. Mwombeni diwani wenu nakala, isomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, na mahitaji yenu yaandikwe kwenye muhtasari na kufikishwa halmashauri kabla mpango wa mwaka ujao haujasainiwa.