Tipa Moja, Mzigo Gani? Jibu kwa Ndugu wa Utawala

Ujumbe uliingia Jumapili usiku kutoka kwa msomaji wa Utawala, mtaa wa mashariki mwa Nairobi. Ana tipa moja ya magurudumu kumi, Isuzu FVZ. Tangu mvua ianze, gari linalala siku tatu kila wiki. Anauliza kama abaki na mchanga peke yake, au ang'oe bodi ya tipa aweke ya mbao ndipo abebe viazi vya Kinangop, mahindi na chochote kitakachopatikana.

Ndugu yangu, usiiguse hiyo bodi kabla ya kupiga hesabu. Wenye magari wengi hung'oa bodi kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya, na mvua ikikatika wako Kariobangi Light Industries wakimlipa fundi airudishe.

Anza na viazi. Lori la ekseli tatu halitakiwi kuzidi tani 26 pamoja na mzigo: 8 ekseli ya mbele, 18 zile mbili za nyuma. Gari lako tupu lina kama tani 10, na ukiongeza dizeli na watu una nafasi ya tani 15 hivi, yaani magunia 300 ya kilo 50. Sasa ingia ndani ya bodi. Viazi vinakula nafasi kuliko uzito. Bodi ya tipa ya mita 10 za ujazo inajaa hadi ukingoni kwa magunia kama 130. Mwenye lori refu la mbao anapanga 300 kwa dizeli karibu ileile, na bei ya kila gunia ni moja kwenu wote. Zaidi ya hapo, bodi ya chuma ikipigwa na jua mchana kutwa, magunia yanayoigusa yanapata joto na kuoza. Pale Marikiti, soko kubwa la Nairobi, mnunuzi hatamkata pesa mkulima peke yake, atakukata na wewe.

Ukisema utabadilisha bodi kabisa, kumbuka makaratasi. Aina ya bodi imeandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa hiyo lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wakague na wabadilishe. Bima nayo ina aina mbili, ya kubeba mali yako mwenyewe na ya kubeba mali ya watu kwa malipo. Hakikisha unayo hii ya pili, na mwambie wakala wako kwa maandishi kwamba bodi imebadilika. Ajali ikitokea huku karatasi zinasema tipa na barabarani ni lori la mbao, umempa mwenye bima sababu ya kukataa.

Kwa hiyo jibu langu ni ubaki na tipa. Ila kubaki na tipa si kubaki na mchanga. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Tazama hapo hapo Utawala, na Syokimau, na sehemu kubwa ya Embakasi. Chini ni udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika. Hakuna mjengo wa maana unaosimama juu yake. Kwa kawaida lazima uchimbwe, uondolewe, kisha pajazwe mawe ya msingi na changarawe. Mjengo mmoja basi una kazi mbili za tipa, kutoa udongo na kuleta mawe, na aliyepatana na fundi mkuu zote mbili hatembei tupu hata upande mmoja. Mwenye kungoja mchanga anafika mwishoni, msingi ukiwa umeshajazwa na mwenzake.

Udongo huo una shida yake. Ukiloa unashika sehemu ya mbele ya bodi. Unainua jeki, robo ya mzigo inaganda juu karibu na kichwa cha gari, na uzito wote unaning'inia. Gari likiwa limeegama kidogo tu, linalala ubavu au jeki inapinda. Shushia mahali tambarare, matairi ya nyuma yakiwa juu ya udongo mgumu. Ukiganda, teremsha bodi, taniboi akwangue kwa sepetu, ndipo uinue tena. Usijaribu kuutikisa kwa kukanyaga breki ghafla. Na kabla ya kupakia mchanga siku inayofuata, osha bodi. Mchanga uliochanganyika na udongo unaharibu zege, na fundi anayejua kazi yake ataurudisha wote. Kama ni vifusi vya nyumba iliyobomolewa, jua kwamba kusafirisha taka kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na uulize mahali pa kumwaga kabla ya kupakia.

Kuna pia kokoto, vumbi la mawe, mawe ya kujengea ya Ndarugo (haya yanashushwa kwa mkono, usiyamwage yakavunjika), na samadi kutoka Kajiado, ambayo wakulima wa Kiambu wanaitaka kabla ya mvua ya Machi na ya Oktoba. Mchanga wenyewe si wa kutegemea peke yake. Makueni walitunga sheria yao ya mchanga mwaka wa 2015, na waliokuwa wakipakia huko tu walijikuta wakitafuta njia nyingine.

Hesabu ya mvua nayo isikupite. Mchanga mkavu una kama tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo. Ukiloa unakaribia tani 2. Mita zako 10 zilizokuwa tani 16 Januari zinakuwa 19 au zaidi Aprili, na kwa macho bodi imejaa vilevile. Dereva anaapa kwamba hajazidisha, na hadanganyi, lakini mizani ya barabarani ya Mlolongo haisikilizi kiapo. Hata Januari tani 16 zinakaza ukingoni mwa sheria. Lipia mizani ya timbo upime gari likiwa tupu, dizeli imejaa na watu wako ndani. Kisha piga mstari wa rangi ndani ya bodi, mmoja wa mchanga mkavu na mwingine, chini yake, wa mchanga uliolowa. Mstari huo ni wa rangi ya shilingi chache, na unaokoa faini, springi na matairi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo linalofilisi watu wenye magari mazima. Kutawanya mizigo hakukusaidii kama anayelipa ni mmoja. Unaweza kubeba mchanga, kokoto na udongo, na zote ni za mkandarasi mmoja anayelipa baada ya siku 60. Tuseme unapiga tripu mbili kwa siku, kilomita 60 kwenda na 60 kurudi. Hizo ni kilomita 240. Gari likila lita moja kwa kilomita 3, ni lita 80 kwa siku, 480 kwa wiki ya siku sita. Siku 60 zikitimia umenunua zaidi ya lita 4,000 za dizeli kutoka mfukoni mwako, na hundi ya kwanza bado iko kwa mhasibu. Huyo umemkopesha bila riba, na yeye ana tingatinga na wewe una tipa moja.

Mkandarasi wa mkopo asizidi nusu ya tripu zako. Nusu nyingine iwe ya watu wanaojenga nyumba zao na kulipa mchanga ukimwagwa. Kwa kazi ya mkopo, dai mwenye mzigo aweke dizeli, wewe udai kazi ya gari pekee. Akikataa, andikeni kwamba bei ya tripu inapanda na kushuka na bei ya dizeli, maana EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza mpya kila tarehe 14 ya mwezi.

Wenye trela walijifunza haya kwa uchungu. Kuanzia 2018 makontena ya Mombasa yalipoelekezwa kwenye reli kwa amri ya serikali, waliokuwa na trela za mifupa zisizobeba chochote ila kontena wengi waliegesha, hadi amri ilipoondolewa Septemba 2022. Waliokuwa na trela bapa yenye kufuli za kontena na kuta za kutoa waliendelea na saruji ya Athi River na mahindi ya Kitale. Ukifika siku ya kununua trela, hiyo ndiyo ya kununua, na kufuli zikaguliwe moja moja kila mara kabla ya kuondoka.

Wiki hii, ndugu wa Utawala, tembea kwa miguu kutoka kwako hadi barabara ya lami na uhesabu viwanja vyenye mbao mpya za vipimo. Ongea na fundi wa kila kiwanja kabla hajaita tinga, na umpe bei mbili kwa pamoja, ya kutoa udongo na ya kuleta mawe.