Usianze na rangi, anza na maji: sakafu ya nyumba yangu, chumba kwa chumba

Mkuu, umeuliza kwamba unamalizia nyumba ya vyumba vitatu huko Goba, lipu imekwisha, na kuna duka Kariakoo limekupunguzia bei ukibeba marumaru, yaani vigae, za sentimita 60 kwa 60 za kung'aa za nyumba nzima, kuanzia sebuleni mpaka chooni na barazani. Ushauri wangu ni usibebe. Zichukue za sebule, basi. Nitakueleza kwa nini, maana na mimi nilipewa ofa ya namna hiyo nikaikubali.

Nilijenga Kinyerezi. Nilipenda nyumba nzima ionekane kitu kimoja, mtu akisimama mlangoni aone mng'ao unaenda mpaka mwisho wa korido. Kiangazi chote ilikuwa raha. Masika ya kwanza, mwezi wa nne, mama yangu alikuwa amekuja kutoka Korogwe kututembelea. Mvua ikaanza ghafla ikiwa na upepo, ikapiga mpaka ndani ya baraza. Mama akatoka kuanua nguo. Akaanua kanga mbili, akawa anarudi peku, kanga begani, na hatua ya pili tu juu ya kile kigae mguu ukaenda. Alijizuia kwa mkono wa kulia, na mkono ukavunjika hapo kwenye kifundo cha kiganja. Wiki sita na hogo. Mpaka leo akikamua nguo anakamua kwa mkono wa kushoto.

Kigae kile hakikuwa kibovu. Hakikuwa na ufa wala hakikuwa kimepauka. Kosa lilikuwa langu, nilikiweka mahali ambapo maji yanafika. Tangu hapo mtu akiniuliza sakafu gani inafaa, simuulizi anapenda rangi gani. Namuuliza maji yanafika wapi, na nani atapita hapo akiwa na miguu imelowa.

Kwa hiyo ukienda dukani nenda na chupa ya maji. Omba kigae kimoja kiwekwe chini, mwagia maji kidogo, vua viatu, simama juu yake, kisha zungusha kisigino taratibu. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Kigae cha kung'aa utakisikia kinakuachia papo hapo. Kile chenye uso wa kukwaruza kidogo, kama mchanga laini, kitakushika. Vigae vingine vina alama kwenye boksi, R9 mpaka R13, na namba inavyopanda ndivyo kinavyozuia kuteleza. R9 ni ya mahali pakavu, kwa baraza inayopigwa na mvua tafuta R11. Ila boksi nyingi hazina alama hiyo, kwa hiyo kisigino chako ndicho kipimo.

Tukianza na bafu na choo, maana ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Kigae kizuri juu ya mteremko mbovu ni hasara. Kabla fundi hajafungua boksi hata moja, mwambie amalize mteremko wa saruji kuelekea tundu la kutolea maji, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Kisha mwaga ndoo nzima ya maji, mkae muangalie. Kwangu maji yote yaliondoka isipokuwa ukanda mmoja nyuma ya sinki la choo, upana wa kiganja. Fundi akaniambia, "Bosi, hiyo kigae kitaificha." Nikamwamini. Haikujificha. Maji yalituama palepale kila siku, grauti, ile saruji ya kujazia mistari kati ya vigae, ikawa nyeusi, na baada ya mwaka ukuta wa upande wa chumbani ukaanza kumenya rangi. Nilibomoa upya. Mara ya pili tulipaka dawa ya kuzuia maji sakafuni na kwenye ukuta mpaka magotini, tukaziba tundu, tukaacha maji yamesimama siku nzima, ndipo tukabandika.

Bafuni tumia vigae vidogo, 30 kwa 30 au chini ya hapo. Kigae cha 60 hakipindi kufuata mteremko unaotoka pande nne kwenda kwenye tundu moja, itabidi fundi akikate vipande vya pembetatu, na kazi itakuwa mbaya. Halafu vigae vidogo vina mistari mingi ya grauti, na mguu unashika pale kwenye mistari. Hakikisha pia sakafu ya bafu iko chini kidogo ya korido, hata sentimita 2. Na usikubali kamwe kigae cha ukutani kiwekwe chini eti kinafanana rangi. Kile ni laini, kinakunywa maji, na gilasi yake, yaani ule mng'ao wa juu, inachubuka upesi.

Jikoni hadithi ni nyingine. Huko adui ni mafuta na uzito. Nyumba zetu si za kupikia tu juu ya kaunta: mbuzi ya nazi inakaa chini, kinu kinakaa chini, na mchi ukiponyoka unaanguka na uzito wake wote. Jikoni nilibadilisha nikaweka kigae kigumu cha poseleni kisichong'aa, rangi ya kijivu, na grauti ya kijivu iliyokolea. Poseleni ni udongo uliochomwa kwa moto mkali zaidi mpaka ukashikana, hainyonyi maji zaidi ya nusu asilimia. Ukikivunja kipande, angalia ubavu wake: umeshikana kama kikombe cha chai. Kigae cha kawaida ubavu wake ni kama tofali la kuchoma, na ukiugusa kwa ulimi unaung'ang'ania ulimi.

Hiyo tofauti ina maana kubwa kwa fundi pia. Mafundi wengi wamezoea kuloweka vigae kwenye beseni kisha kubandika kwa udongo wa mchanga na saruji. Kwa kigae cha kawaida ni sawa, kinanyonya maji na saruji inakamata. Poseleni hainyonyi, kwa hiyo kuloweka hakusaidii kitu, na udongo mtupu utaachia baada ya muda. Nunua gundi ya marumaru ya mifuko, na simama uone inapakwa kwa mwiko wa meno sakafu nzima. Kuna tabia ya kuweka madonge matano nyuma ya kigae, moja kila kona na moja katikati, kisha kukigonga kikalala. Pimamaji itasema kimenyooka, lakini chini kuna uwazi. Kesho yake pita na sarafu ukigonga kigae kimoja kimoja. Kilichojaa kinatoa sauti fupi, nzito. Chenye uwazi kinalia kama kopo. Mchi ukianguka kwenye hicho, umekwisha. Kwangu jikoni nilivikuta vinane, na nilimwambia fundi avitoe siku ileile kabla gundi haijakomaa.

Sebuleni weka hizo za kung'aa ukipenda, ni mahali pakavu na wageni wanakaa hapo. Ila panga kitu cha kufutia miguu mlangoni, na siku ya kupiga deki watoto na wazee wakae kwanza mpaka pakauke.

Vyumba vya kulala ndipo ninapotofautiana na wengi. Kama pesa haitoshi, usiweke marumaru vyumbani kwa sasa. Piga niru nzuri. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri na kumwagiliwa maji siku 7 bila kukosa, hata ukitaka yenye rangi nyekundu, inakaa miaka mingi sana. Nyumba ya bibi yangu Temeke ilikuwa na sakafu ya namna hiyo, imezeeka ikawa laini kama ngozi, na tulilala juu ya mkeka wakati wa joto. Sakafu za niru zinazopasuka nyingi zinapasuka kwa sababu ziliachwa zikakauka kwa jua siku ya pili. Akiba ya vyumba vitatu ipeleke bafuni na barazani. Marumaru utaongeza baadaye juu ya niru hiyohiyo, ukiikwangua kwanza ishike.

Kapeti la ukuta hadi ukuta kwa Dar sikushauri hata kidogo. Unyevu wa pwani unaingia, harufu haitoki, na mwenye pumu atateseka.

Sasa zile mbao za kubandika. Siku hizi watu wengi wanaziona kwenye simu wanazipenda, na ni kweli zinapendeza. Lakini zipo za aina mbili na madukani zinachanganywa. Laminati ina kiini cha unga wa mbao ulioshindiliwa. Ikipata maji kwenye kiungo inavimba na hairudi tena. Rafiki yangu aliweka kwenye fleti Mikocheni, kiyoyozi kikavuja wiki moja akiwa safarini, na kingo zikainuka kama chapati inayochomwa. Aina ya pili ni ya plastiki iliyochanganywa na unga wa mawe, hiyo haivimbi, na kwa chumba cha kulala ghorofani ni chaguo zuri. Usiibandike tu mahali ambapo jua la mchana linapiga moja kwa moja dirishani. Mbao halisi, mninga au mtiki, ni nzuri kuliko zote kwa macho, lakini zinatanuka masika na kunywea kiangazi. Bila fundi seremala mzoefu usiguse.

Kabla ya kuweka chochote cha mbao au plastiki chumba cha chini, pima unyevu. Kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ilaze sakafuni, bandika kingo zote kwa selotepu, acha siku nzima. Ukiifunua ukakuta matone chini yake au saruji imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini au saruji bado haijakauka. Maji hupanda pale jamvi, yaani zege la sakafu, lilipomwagwa bila nailoni chini. Ukiona pia unga mweupe unatoka kwenye saruji, kila ukifagia unarudi, hiyo ni chumvi, inatoka ardhini au kwenye mchanga uliotumika. Usiifunike. Itasukuma gundi mpaka iachie.

Barazani kwangu nilibomoa vile vigae vya kung'aa vyote, nikaweka vya kukwaruza vya 40 kwa 40, na mteremko kidogo kwenda nje ili maji yasirudi mlangoni. Ni vigumu zaidi kusafisha, tope la masika linang'ang'ania, mke wangu anatumia brashi. Sisi wote tumekubali hiyo brashi.

Ukinunua, piga hesabu hivi. Boksi la 60 kwa 60 lenye vigae vinne ni mita za mraba 1.44. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni 16, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 17.6, kwa hiyo maboksi 13. Soma ubavuni mwa kila boksi namba ya kivuli cha rangi na namba ya kipimo, zifanane zote. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti vinapishana rangi, na hutaona dukani, utaona jioni taa ikiwaka. Vya viwanda vyetu vya Mkuranga na Chalinze navyo vikague hivyohivyo. Weka boksi moja stoo, maana ukirudi mwaka kesho hutakipata kivuli kile.

Nijibu jambo moja ili nikusaidie zaidi: fundi aliposhusha jamvi, sakafu ya bafu aliishusha chini ya korido, au vyote viko sawa? Kama viko sawa, simamisha kwanza ununuzi wa vigae vya bafu na unitumie vipimo vyake na upande tundu lilipo. Kuna namna ya kuokoa hapo kwa kuinua kizingiti cha mlango, lakini inabidi ifanyike kabla ya milango kufungwa.