Wanyama wa Malindi kwa pikipiki: zima injini kwanza

Naulizwa sana kama mtu anaweza kutoka Malindi na pikipiki yake akaingia Tsavo kuona ndovu. Hapana. Mbugani pikipiki hairuhusiwi, utapita Langobaya zaidi ya kilomita 100 mpaka geti la Sala halafu askari akugeuze hapo hapo. Na kwani lazima Tsavo? Hapa karibu kuna vitu, ila wengi wanavipita mbio wakiwa kwa gia ya juu, manake wanadhani pikipiki ndo inawaonyesha wanyama. Pikipiki inakufikisha tu, ukishafika izime, ushuke utembee kwa miguu.

Anza na mto Sabaki, ni hapo tu kaskazini mwa mji. Pikipiki iache kijijini karibu na daraja, usijifanye fundi wa kuendesha kwenye ule mchanga, tafuta kijana wa pale akupeleke kwa miguu mpaka mto unapoingia baharini. Kuna viboko, na misimu mingine heroe, wale maflamingo, wanajaa. Kiboko usimkatie njia ya kurudi majini hata kama anaonekana mzembe, na kufika jioni uwe ushaondoka maana ndo saa yake ya kupanda kula majani.

Mida nayo angalia maji kwanza. Ukienda yamekupwa kabisa ndege wako mbali huko kwenye matope utaona vidoti tu, nenda yanapoanza kujaa, yanawasukuma wanasogea wenyewe. Miezi ya kaskazi ndo mizuri, kuna ndege wanatoka mpaka Siberia kukimbia baridi yao.

Sasa Arabuko-Sokoke, hapa ndo mahali mimi napapenda kuliko pote na watu wanapadharau kisa hakuna simba. Huo msitu ni kama kilomita za mraba 420, na kuna njule mmoja, kamnyama kadogo, ana makalio ya dhahabu, wallahi dhahabu kabisa, na kipua kirefu anapekulia wadudu kwenye majani makavu, dunia nzima utampata pwani yetu hii tu. Huyo utamsikia kabla ya kumwona, kacha kacha kacha kwenye majani, ukichakarika na wewe keshapotea. Ukimkosa msituni jaribu magofu ya Gede asubuhi mapema kabla wageni hawajaanza kupiga kelele na kulisha kima ndizi (na wewe usiwalishe). Halafu kuna bundi wa Sokoke, mdogo anakaa kiganjani, mchana amelala mtini na rangi yake ni ya gome na majani makavu, peke yako utapita chini yake mara mia. Lipia kiingilio, chukua mwongozaji, wale wanajua mpaka mti anaolala. Hiyo pesa usiionee uchungu.

Ukiwa safari ndefu, iwe upande wa Sala au Garsen kwenda Witu mpaka Mokowe ya Lamu, kanuni ni moja: ukiona ndovu au nyati karibu na barabara simama mbali, geuza pikipiki itazame ulikotoka, ndo uanze kuangalia. Hapo injini iache inanguruma taratibu, ndo mahali pekee nakwambia usizime, na usipige honi wala kuvuta mafuta kumtisha. Ndovu akitanua masikio akakukabili, ondoka, picha baadaye. Njia ya Lamu sa hivi ni lami safi inakushawishi kukimbia, lakini wanyama wanakatiza, na mambo ya usalama uliza polisi kwenye vizuizi kabla hujaendelea, wakikwambia ngoja, ngoja. Usiku usiendeshe kabisa. Mafuta jaza Malindi, jaza tena Garsen, beba pampu na viraka vya tyubu, maji mengi, na helmeti isikutoke hata jua likiwaka vipi.

Kama huna pikipiki yako chukua boda wa Malindi, ila patana naye bei ya kutwa nzima, usipatane ya kwenda na kurudi. Ukimlipa kwa safari atakuwa anapiga honi kila dakika tano akuharakishe awahi abiria mwingine, na njule hangoji mtu.