Mwanangu, Usinunue Pakiti, Nunua Kitambaa

Mwanangu mpenzi,

Salamu zetu kutoka Tanga zikufikie hapo Dodoma, wewe, mwenzio na mjukuu wangu. Sisi hatujambo. Mama yako mafua yamemwachia, na mvua za vuli zimeanza.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mashuka uliyonunua, yale ambayo pakiti yake imeandikwa nyuzi 1000, yameota vipele kabla hata mwaka haujaisha, usiku mnatokwa na jasho, na lile jeupe limekuwa la kijivu. Ukaniuliza: “Baba, ninunue ya aina gani, na niyatunzeje yadumu kama ya mama?” Nimefurahi swali hilo umelileta kwangu. Ujana wangu ulikwisha kwenye mashine za kufuma pale kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, Dar es Salaam, na mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu mkono wangu hutangulia kugusa pazia. Kwa hiyo vumilia, nitaandika kwa kirefu.

Tuanze na hiyo 1000, kwa sababu ndiyo iliyokula pesa yako. Hesabu ya nyuzi ni idadi ya nyuzi zilizomo ndani ya inchi moja ya mraba, ukijumlisha za mtande, zile zinazokwenda urefu, na za mshindio, zile zinazokatiza. Shuka zuri la pamba lina nyuzi 200 mpaka 400. Uzi una unene wake, na inchi ni inchi. Huwezi kuendelea kushindilia tu. Wanaofika 1000 huchukua uzi uliosokotwa kwa nyuzi nne nyembamba, halafu wanahesabu kila mmoja peke yake. Kitambaa cha nyuzi 250 kinatoka kiwandani kikiwa 250, kinafika dukani kikiwa 1000. Marekani maofisa wa tume yao ya biashara, FTC, walishaandika mwaka 2005 kwamba kuhesabu namna hiyo kunaweza kumpotosha mnunuzi.

Na jina la pamba ya Misri nalo usilikimbilie. Mwaka 2016 kampuni ya Target, ambayo ina maduka makubwa Marekani nzima, iliachana na kiwanda cha Welspun cha India baada ya kugundua kwamba mashuka na foronya zipatazo 750,000 zilizouzwa kwa jina la pamba ya Misri hazikuwa za pamba hiyo. Kama wao wenye wataalamu wao walipitwa, sisi tunaosimama dukani tutajua nini kwa kusoma pakiti? Ndiyo maana nakuambia ufungue pakiti uguse kilichomo. Muuzaji asiyekubali ufungue, mwache na pakiti yake.

Sasa vipele. Pamba huwa na nyuzinyuzi ndefu na fupi. Ya Misri halisi huweza kuzidi milimita 34. Hii yetu ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza ni ya urefu wa kati, kama milimita 28 hivi, na inatosha kabisa kufuma shuka jema. Tatizo ni pale kiwanda kinapookoteza zile fupi na mabaki ya pamba kikasokota uzi wa bei rahisi. Wewe umekulia kwenye mkonge, unajua kamba ya singa ndefu inavyoshika na ya takataka za mkonge inavyonyumbuka na kuchomoza vinywele. Uzi wa pamba fupi ni hivyo hivyo: ncha zinatoka nje, mwili unazisugua usiku kucha, zinajiviringisha zinakuwa vipele.

Lakini kwenye pamba tupu vile vipele hudondoka vyenyewe baada ya kufuliwa mara kadhaa. Vikiganda, jua kitambaa kimechanganywa na poliesta, maana uzi wa poliesta ni mgumu, unakishikilia kipele kisianguke. Hayo uliyonunua, kwa jinsi ulivyoyaeleza, ni tetroni, yaani pamba iliyochanganywa na poliesta, au maikrofaiba, yaani poliesta ya nyuzi nyembamba sana, haijalishi wameandika nini. Na jasho linaeleza yale yale. Pamba hubeba unyevu wa asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake na ukiishika bado ni kavu. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho likitoka halina pa kwenda, linabaki baina yako na shuka.

Ukienda sokoni tena, fanya haya. Chomoa uzi mmoja mrefu kwenye upindo, toka nje na kiberiti, uuchome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ni laini la kijivu linalopeperuka. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha punje nyeusi ngumu isiyosagika kati ya vidole. Ukiona vyote viwili, jivu na punje, ni mchanganyiko. Mwenye mali ya kweli hatakunyima uzi mmoja.

Kisha sugua kitambaa kwa nguvu, sehemu moja dhidi ya nyingine, juu ya nguo nyeusi. Ikidondoka ungaunga mweupe, huo ni wanga. Hapa nazungumza nikijua, kwa sababu nyuzi za mtande tulizipaka wanga sisi wenyewe ili zisikatike kwenye mashine. Kitambaa kikishafumwa, wanga unatakiwa uoshwe utoke. Wenye tamaa huuacha, wengine huongeza, ili kitambaa hafifu kiwe kizito mkononi mwa mnunuzi. Unakifua mara moja, kinakuwa chandarua. Kwa hiyo uzito wa dukani usiuamini kabla hujasugua.

Mwisho kinyanyue kwenye mwanga wa mlango. Angalia kama nyuzi zimejipanga sawasawa au kuna mahali zimeachana na mahali zimerundikana. Angalia upindo unafuata uzi au umekatwa mshazari. Shuka lililokatwa mshazari likifuliwa linajipinda, na hata ulinyooshe vipi halikai kitandani. Mshono uwe wa karibukaribu, kona zimerudiwa. Na usikubali shuka lenye kiungo katikati. Hata kama kitambaa ni kizuri, ule mshono utakukera mgongoni mpaka ulitoe sadaka.

Kuhusu ufumaji, mimi napenda ule wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini, kama wa poplini. Unapitisha hewa na unavumilia kufuliwa kwa mkono. Satini ni laini na inang'aa, lakini nyuzi zake hulala nyingi juu kabla ya kupita chini, kwa hiyo kucha au kidole cha mtoto kikikwaruza, inachomoka. Wewe una mtoto wa miaka miwili. Kitani nacho ni kitambaa bora sana, tena imara, lakini bei yake kwa sasa tuiache.

Ningekushauri usinunue mashuka ya pakiti kabisa. Nunua kitambaa kipana cha pamba kwa mita, kutoka kwenye jora, umpelekee fundi. Kitanda chenu ni futi 6 kwa 6. Kama godoro lina kimo cha inchi 8, kila upande unahitaji inchi 8 za kushuka na angalau 4 za kuchomeka chini. Hapo unapata futi 8 kwa 8. Pamba nayo husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, pengine kwa asilimia 5, na katika futi 8 hizo ni karibu inchi 5. Kwa hiyo kitambaa kilowekwe, kianikwe, kikauke, ndipo kikatwe. Fundi atasema hakuna haja. Mwambie baba yako amesema ipo.

Seti zinazotosha ni tatu: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini. Mitumba usiidharau pia. Mashuka ya pamba ya zamani kutoka Ulaya yanapatikana humo, yameshafuliwa miaka na hayana vipele. Shuka ambalo halijaota vipele baada ya yote hayo halitaviota kwako. Lishike tu kwenye mwanga uone kama katikati halijachakaa.

Taulo nitasema kidogo. Kwa anayefua kwa mkono, gramu 400 mpaka 500 kwa mita ya mraba zinatosha. Nene zaidi ya hapo halikauki vizuri, linaanza kunuka. Usiliwekee dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaupaka uzi mafuta na taulo linaacha kunyonya maji. Kitanzi kikichomoka, kikate kwa mkasi, usikivute.

Sasa kufua, na hapa ndipo palipo na kijivu chako. Maji ya Dodoma ya visimani ni magumu, yana chumvichumvi. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa iliyomo ndani ya maji hayo inatengeneza ukoko, ukoko unaganda kwenye uzi, na vumbi la Dodoma linakaa juu ya ukoko. Unaona shuka limekuwa la kijivu, unaongeza sabuni, linazidi. Kwa meupe tumia sabuni ya unga, tena kidogo kuliko unavyodhani, halafu suuza mpaka maji yawe maangavu. Katika maji ya mwisho tia siki nyeupe, nusu kikombe kwa ndoo ya lita 20. Siki inauyeyusha ule ukoko. Harufu itaondoka likikauka. Mvua ikinyesha, kinga maji ya bati. Hayana chokaa, na sabuni inatoa povu bila shida.

Jiki ndiyo inayoua mashuka kuliko uzee. Klorini inaula uzi wa pamba wenyewe, haili doa peke yake, na siku moja shuka linachanika ulipogeuka tu usingizini. Mashuka ya mama yako unayoyasifu hayajui jiki. Alikuwa anayaanika mabichi kwenye jua kali, anayanyunyizia maji yakikauka, jua linafanya kazi. Ya rangi anayageuza ndani nje, maana jua hilohilo linapausha.

Na nisikilize vizuri hapa, kwa ajili ya mtoto. Jiki usiichanganye na siki hata siku moja, inatoa gesi ya sumu. Shuka alilokojolea mtoto nalo usilitumbukize kwenye jiki moja kwa moja, maana mkojo na jiki vinatoa hewa inayochoma mapafu. Lisuuze kwa maji matupu kwanza, mara mbili tatu. Doa la damu lifuliwe kwa maji ya baridi. Ya moto yanaligandisha. La kutu, ndimu na chumvi, kisha juani. Manjano ya mchuzi huwa hayashindani na jua, liache kwenye kamba tu.

Usianike chini kwenye majani wala kwenye kichaka. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu akaota jipu. Anika kwenye kamba, juani, na mashuka ya mtoto yapige pasi pande zote, na kwenye pindo upasisitize. Chandarua chenye dawa, kinyume chake, kianike kivulini, kwa sababu jua linaua dawa. Kifue kwa sabuni ya kawaida bila jiki, wala usikifue kila wiki. Hivyo vimetengenezwa vihimili kufuliwa mara 20 hivi.

Ya kuweka kabatini yawe makavu kweli. Sisi huku pwani adui yetu ni ukungu. Nyinyi Dodoma hamna shida hiyo sana, ila msiyafunge kwenye mfuko wa nailoni, yatageuka manjano. Yafunge kwa kanga kuukuu ya pamba. Usiyatie wanga kabla ya kuyaweka, wadudu wanaufuata. Weka karafuu chache kwenye kitambaa katikati yake. Mama yako anasema nisisahau udi: uyafukize siku ya kuyatandika, si siku ya kuyaweka.

Hayo maikrofaiba usiyatupe. Yatafaa kufunikia vitu visiingie vumbi, na mengine yawe matambara ya kudekia.

Sasa nipimie kimo cha godoro kwa futikamba, toka juu mpaka chini, na uniambie kama ni la sponji au la springi. Kuna duka hapa mjini lina jora la pamba nyeupe, nimelichoma na kulisugua mwenyewe, ni zuri. Nitakata ya mashuka mawili na foronya nne, mama yako ataloweka na kuanika, fundi atashona, na wiki ijayo nitakupa jina la basi.

Nibusie mjukuu wangu, na umsalimie mkwe wangu.

Ni mimi baba yako.