Mwalimu, neno lako halina nywele

Mwalimu mgeni, ukipewa somo la Kikuyu katika Gredi ya 2, usifurahi mapema kwamba umepata kazi nyepesi. Nami nilidhani hivyo kwa kuwa nimekulia ndani yake. Wiki ya kwanza nikaandika "mundu" ubaoni. Babu mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akachungulia dirishani, akasema kwa upole, "Mwalimu, mbona neno lako halina nywele?" Mzee huyo alikuwa msomaji wa Biblia ya Kikuyu. Mimi nilikuwa mwongeaji tu.

Kiswahili kina irabu 5, Kikuyu 7. Mbili za ziada, ĩ na ũ, huvaa kiwimbi juu ya herufi, ndizo nywele za yule babu, nasi tuliozoea kuandika Kiswahili na Kiingereza hukidondosha bila kujua. Si pambo. Sauti ya ũ hukaribia o, hivyo mtoto asiyeijua huandika anavyosikia, na mũndũ, yaani mtu, akageuka mondo, yaani mkoba. Kwa sikio lake hajakosea. Kwa hiyo anza na sikio: tamka mũndũ, tamka mondo, wao waelekeze kidole kwa mwenzao au kwa mkoba. Kalamu ingoje. Nusu muhula uliishia kwenye jozi za namna hiyo, na sijuti.

Herufi hizo ziweke pia kwenye simu au kompyuta yako. Mtihani wangu wa kwanza niliuchapa bila viwimbi, nikakesha nikivichora kwa kalamu, karatasi baada ya karatasi.

Darasani utakuta mtoto aliyelelewa na nyanya yake, anakushinda msamiati, ameketi na mwingine ambaye nyumbani husikia Kiswahili na Sheng tu. Huyu wa pili usimuulize mbele ya wenzake, "Kwani kwenu hamuongei?" Niliuliza mara moja, mtoto akanyamaza hadi shule ikafungwa. Kilichomrudisha ni vitendawili. Ukisema "Gwata ndaĩ," darasa zima hujibu "Ndagwata." Ni neno moja tu, lakini aliyelisema yumo mchezoni.

Mzazi akija kulalamika kwamba alimleta mtoto ajue Kiingereza, usibishane naye. Wapo waliovishwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama shuleni. Mwonyeshe daftari la mtoto.

Kuhusu ratiba, omba kipindi cha asubuhi. Cha mchana huliwa na hisabati.