Kabla hujauita mchezo wako "maskini", lipa kwanza nauli za waigizaji

Mwaka ule nilikuwa na vijana tisa, ukumbi wa kuazima, na fotokopi ya kurasa kama thelathini za kitabu cha mwongozaji wa thieta Jerzy Grotowski, zilizofifia kiasi kwamba nyingine zilisomeka juani tu. Katika kurasa zote hizo neno moja ndilo lililonikaa kichwani: maskini. Thieta maskini. Nikajiambia, huyu Mpolandi kaandika habari zangu. Sina taa, sina maleba, sina spika. Kumbe mimi ni mwanamapinduzi wa sanaa na sikujua!

Tukaonyesha mchezo kwa kanga mbili na kiti kimoja. Ulipokwisha, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa mbele alinifuata, akanishika mkono kwa upole kabisa, akaniuliza: "Mwanangu, na lile onyesho lenyewe ni lini?"

Hakuwa anatania. Alidhani ameona mazoezi.

Nayaandika haya kwa sababu kila mara nakutana na kiongozi wa kikundi, kijana, aliyebeba neno lilelile kama nilivyolibeba mimi. Analiweka hata kwenye maombi ya ufadhili. Basi nikupe kile ambacho fotokopi yangu haikunipa.

Grotowski alizaliwa Rzeszów mwaka 1933, akasomea uigizaji Kraków, kisha akaenda Moscow mwaka mmoja kusomea uongozaji. Mwaka 1959, akiwa hajafika hata miaka 30, yeye na mhakiki Ludwik Flaszen walikabidhiwa jumba dogo la maonyesho katika mji wa Opole, lililoitwa Teatr 13 Rzędów, yaani Thieta ya Safu 13. Sasa sikiliza vizuri hapa. Ilikuwa Poland ya kikomunisti, na jumba lile lilikuwa linapata ruzuku. Fedha haikuwa nyingi na tishio la kufungiwa halikuisha, lakini waigizaji walikuwa waajiriwa. Mwisho wa mwezi walikuwa na mshahara. Ndiyo maana waliweza kuja kila siku, wakafanya mazoezi ya mwili na sauti kwa saa nyingi, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya mchezo mmoja ambao ungeonwa na watu wachache. Rena Mirecka na Zygmunt Molik waliingia tangu Opole na wakabaki kwenye kikundi kwa zaidi ya miaka 20, hata baada ya kuhamia Wrocław mwaka 1965. Jiulize kikundi chako kina nani aliyedumu humo miaka mitano.

Mimi je? Wawili walikuwa bodaboda, mmoja anauza chipsi, na binti mmoja alikuwa anatembea karibu saa nzima kuja mazoezini kwa kukosa nauli, jambo nililokuja kulijua baadaye kwa aibu. Nilichukua watu wenye njaa nikawaondolea na taa, halafu nikaita falsafa.

Alichokuwa anakitafuta Grotowski ni hiki: ondoa vipodozi, ondoa maleba, ondoa mandhari, taa na muziki wa kurekodi, uone kama mchezo bado upo. Akaona upo. Ukimwondoa mwigizaji au mtazamaji, haupo tena. Hapo wengi tunafunga kitabu. Lakini kila unachokiondoa kinaacha deni, na mlipaji ni mwili wa mwigizaji.

Chukua Akropolis ya mwaka 1962. Kwenye tamthilia yenyewe ya Stanisław Wyspiański, picha zilizofumwa kwenye mazulia ya kanisa kuu la Wawel, Kraków, zinapata uhai usiku wa Pasaka. Grotowski aliihamishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi ambayo haikuwa mbali na Opole, na msanii aliyeshirikiana naye, Józef Szajna, alikuwa amewahi kufungwa humo. Waigizaji walivaa magunia yenye matundu na viatu vizito vya mbao. Nyuso zao hazikupakwa kitu. Walizikaza kwa misuli tu mpaka zikawa barakoa, na wakakaa nazo hivyo. Kati ya watazamaji kulikuwa na mabomba ya jiko. Yakobo wa Biblia, mmoja wa wahusika, anapooa, bibi harusi ni bomba la jiko lililofunikwa kitambaa, na maandamano ya harusi yanalifuata kwa nyimbo. Hakuna anayecheka. Wakati wote huo wafungwa wanafanya kazi, wanaunganisha mabomba juu ya vichwa vya watu, na mwisho wanaimba wakiingia mmoja mmoja ndani ya sanduku na kujifungia. Ndipo unatambua walichokuwa wanajenga: tanuri la kuwachomea wao wenyewe.

Ngoma haikuwepo, ila vile viatu vya mbao sakafuni vilipiga mdundo wa mchezo mzima. Ngoma iliondolewa, miguu ikalipa. Mimi niliondoa ngoma nikaacha kimya, na kimya chenyewe kilikuwa cha watu wasiojua wasimame wapi. Onyesho lile lilirekodiwa kwa filamu mwaka 1968, mwongozaji Mwingereza Peter Brook akitoa utangulizi. Ukiipata, mara ya kwanza fumba macho usikilize miguu tu.

Jambo la pili ni mazoezi yenyewe, na hapa naomba tuelewane kwa sababu kuna mkono wa mtu uliumia. Niliona filamu ya mwaka 1972 ambamo Ryszard Cieślak, mwigizaji mkubwa kuliko wote wa Grotowski, anawafundisha vijana wawili wa kikundi cha thieta cha Odin Teatret cha Denmark. Mtu anabiringika kama maji. Kesho yake nikawasimamisha vijana wangu kwa vichwa juu ya sakafu ya saruji. Mmoja akateguka kifundo cha mkono, na fedha ya viingilio ikaishia hospitali. Nunua godoro kuukuu na mikeka kwanza. Nusu saa ya kujinyoosha taratibu, ndipo mambo ya kupinduka.

Halafu usiyakusanye mazoezi yale kama mtu anayekusanya mitindo ya kucheza. Grotowski aliita njia yake via negativa, njia ya kuondoa: hutafuti ujuzi wa kuongeza, unatafuta kinachomzuia mwigizaji ili ukitoe. Nilikuwa na kijana ambaye kila akikasirika jukwaani mkono wa kulia unapanda, kidole juu, kama mwalimu wa zamu. Baba mlevi, askari, mfalme, wote kidole kilekile. Tulikaa wiki nzima na mkono ule. Hatukumfundisha kitu kipya hata kimoja. Siku mkono ulipokubali kutulia, hasira ikahamia shingoni, na wenzake wakarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

La tatu linanikera kuliko yote. Kuna waongozaji wanaowaliza mabinti mazoezini, wanawachimbua misiba na mambo waliyotendewa, wakiulizwa wanamtaja Grotowski. Ajabu ni kwamba kazi yake iliyosifiwa zaidi haikufanyika hivyo. Katika The Constant Prince ya mwaka 1965 Cieślak alicheza mateka anayeteswa mpaka kufa, watazamaji wakimchungulia kutoka juu ya uzio wa mbao kama watu wanaotazama upasuaji. Alifanya kazi na Grotowski peke yao kwa miezi mingi. Baada ya Cieślak kufariki mwaka 1990, Grotowski alieleza kwamba msingi wa kazi ile ulikuwa kumbukumbu ya Cieślak ya mapenzi yake ya kwanza ya ujanani. Mateso tuliyaona sisi. Yeye alikuwa kwenye furaha. Basi badala ya kumliza binti, mwulize siku aliyowahi kufurahi sana, kisha mwache atafute mikono yake ilikuwa wapi siku hiyo.

Kuhusu kupanga watazamaji sina maneno mengi, ila jaribu. Grotowski aliwakalisha kwenye vitanda vya hospitali ya wagonjwa wa akili katika mchezo wa Kordian, na katika mchezo mwingine mezani kama wageni wa karamu ya mwisho ya Faustus, msomi aliyeiuza roho yake kwa shetani. Sisi tulitandika mikeka tukafanya mchezo wa urithi kuwa kikao cha ukoo, watazamaji wakiwa ndugu. Mzee mmoja akasimama katikati ya onyesho akatoa hukumu ya shamba, kwa hoja nzuri kuliko zilizokuwa kwenye mswada. Mwigizaji wangu nusura asahau maneno yake.

Baadaye Grotowski aliacha kabisa kutengeneza maonyesho mapya. Alipeleka watu msituni Brzezinka, hukohuko Poland, kwa kazi isiyo na watazamaji, akaondoka Poland baada ya sheria ya kijeshi ya Desemba 1981, akaishi Marekani, na tangu 1986 akafanya kazi Pontedera, Italia, alikofia mwaka 1999. Wapo wanaoiona sehemu hiyo kuwa ndiyo kilele chake. Mimi nina viingilio vya kuuza, sijawahi kujua niifanyie nini.

Siku hizi bajeti yetu inaanza na nauli, kisha chai na chakula cha mchana, kisha mikeka. Taa ziko mstari wa tisa, na mara ya mwisho tulizifuta zikatununulia wiki tatu zaidi za mazoezi. Spika bado tunaazima kwa jirani, ambaye huja kuichukua saa tatu kamili usiku, mchezo uwe umekwisha au haujaisha.