Mita 60 na ndoo ya kambale

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa magari, niko Majengo hapa Moshi. Jumapili huwa tunashuka watu wanne, kila mtu na ndoano yake, tunavua kwenye kijito kimoja kinachoingia mto Kikuletwa upande wa Hai. Kuanzia Septemba maji yanapungua, yanabaki madimbwi, na hapo ndipo tunapopata kambale na perege mpaka ndoo inajaa kabla ya saa nne asubuhi. Safari iliyopita mwenyekiti wa kijiji alitufukuza. Anasema msimu umekwisha, halafu kuna sheria ya mita 60. Sisi tunachojua ni Ziwa Tanganyika ndilo lililofungwa, mito ya huku haijafungwa. Na pale pale pembeni yetu kuna pampu mbili zinanyonya maji kupeleka kwenye nyanya, wala hazikuguswa. Nani yuko sahihi? Na wale samaki wadogo tunaowarudisha majini, wanaishi kweli au tunajidanganya?

JIBU: Marahaba, fundi. Umeuliza maswali matatu ndani ya moja, na mwenyekiti wako amekosea kwenye lile analodhani ana uhakika nalo, akapatia kwenye lile ambalo pengine hakulifikiria sana.

Habari ya kufunga kwanza. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 haina tarehe ya kufunga mito. Inampa Waziri uwezo wa kufunga eneo au msimu kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, baada ya nchi nne zinazolizunguka kukubaliana. Kijito chenu si Tanganyika, kwa hiyo hapo uko sawa. Ila usishangilie bado. Kijiji nacho kinaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na ikishaidhinishwa inakubana wewe wa Majengo sawasawa na mwenyeji wa pale. Neno la mwenyekiti akiwa amesimama ukingoni si sheria ndogo. Nenda ofisi ya kijiji, msalimie mtendaji, omba kuiona. Kama ipo watakuonyesha. Na wakati huo huo pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulizie leseni, maana ndoano nayo ni zana ya uvuvi hata kama unavulia mchuzi wa jioni.

Sasa hizo mita 60, ambazo kila mtu anazitaja na wachache wamezisoma. Zimo kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004. Kinachokatazwa humo ndani ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya mto, ziwa, bwawa au ufukwe. Kujenga, kulima, kuweka zizi, kufyatua matofali. Mtu aliyekaa kwenye kigoda na mshipi mkononi, akaondoka jioni na kigoda chake, siye anayetafutwa na kifungu hicho. Wenye nyanya ndio wanaotafutwa. Kwa hiyo mwenyekiti alishika sheria sahihi akamfukuza nayo mtu asiye sahihi. Hili limezoeleka, wala sidhani ni la kwenu peke yenu: kumfukuza fundi aliyekuja na ndoo ni rahisi kuliko kumwambia jirani yako ang'oe miche.

Lakini nikuambie kwa nini mita hizo zinakuhusu wewe mvuvi kuliko unavyofikiri. Wengi wanajua zimewekwa kuzuia udongo usiporomoke. Kweli. Ila zipo pia kwa ajili ya kambale. Kambale hatagi mtoni penyewe, kwenye maji yanayokimbia. Anangoja mvua kubwa ya kwanza, mto ukifura na kumwagikia pembeni, usiku ule ule anapanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya kufika kifundoni. Ukisimama kimya utawasikia wakipigapiga mikia kwenye majani. Mayai ni madogo kama kichwa cha pini, yananata kwenye majani ya nyasi, na kwa joto la huku bondeni yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Mama na baba hawabaki kulinda. Wanateremka na maji, basi. Palipolimwa mpaka kwenye ukingo wa mto hakuna nyasi, kuna matuta tu, na mayai yanaenda na tope. Na palipo na nyasi, usiku huo huo utakuta watu na kurunzi na mapanga, wanawakata waliopanda kutaga. Sijui kama kuna uvuvi wa kijinga kuliko huo. Unakuta samaki tumbo limejaa mayai, anapigwa panga akiwa ndani ya majani, hata ndoano hakuimeza.

Perege ana tabia nyingine. Dume anachimba kishimo cha mviringo kama sinia kwenye maji ya kina kifupi, jike anataga humo, kisha anayachukua mayai yote mdomoni na kuondoka nayo. Anakaa nayo hivyo kama wiki mbili, na muda wote huo hali chakula karibu kabisa. Ndiyo maana ndoano ina huruma kuliko wavu: jike aliyebeba mara chache sana atagusa chambo chako, lakini wavu haumuulizi amebeba nini mdomoni. Hapo nakusifu wewe na wenzako. Mkitembea ndani ya maji tu, angalieni hayo masinia chini, msiyakanyage.

Nirudi kwenye madimbwi yenu ya Septemba, maana hapo ndipo mwenyekiti alipopatia. Unasema ndoo inajaa kabla ya saa nne. Fundi, samaki hawajaongezeka. Maji ndiyo yamepungua. Waliokuwa wametawanyika kwenye kijito kizima wamebanwa kwenye mashimo matano au sita, na hao ndio wazazi wa mwaka ujao, hakuna wengine wanaotoka juu. Ukilimaliza dimbwi moja hujavua samaki wa dimbwi lile, umevua samaki wa kipande kizima cha mto. Vuli ikinyesha maji yatarudi, nyasi zitafunikwa, na hakutakuwa na wa kupanda.

Halafu hao waliobanwa tayari wako hoi. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu, na kwa miinuko yetu ni pungufu kidogo ya hapo. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa. Dimbwi lililotulia, lenye majani yanayooza chini, halifiki huko, na alfajiri ndiyo mbaya zaidi kwa sababu usiku mimea ya majini nayo inatumia oksijeni badala ya kuitoa. Umewaona perege wakipandisha midomo juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi? Hawatafuti chakula. Wewe unaijua hali hiyo gereji: gari lenye eya klina iliyoziba, linawaka, linatembea, lakini ukilipandisha mlima linakata. Mlima wa samaki ni zile dakika mbili anazopigana na mshipi wako.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, je wanaishi. Inategemea ni nani na umemrudisha wapi. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa yenyewe, ndiyo maana unafika naye Majengo mchana akiwa bado anajinyonganyonga kwenye ndoo. Ukimrudisha akiwa hana jeraha baya, ana nafasi nzuri. Perege hana kitu hicho. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na wenzangu kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, tukawapima perege kumi na wanne, saa sita mchana, mikono mikavu, tukawatupa kwenye kidimbwi pembeni tukijiona wataalamu. Wote waliogelea. Kesho yake asubuhi nilihesabu kumi na mmoja wakielea, na ubavuni mwa kila mmoja palikuwa na alama nyeupe ya vidole, pale ute ulipotoka. Ule ute ndio ngozi yake ya kinga. Tangu siku hiyo sishiki samaki kwa mkono mkavu hata wa kununua.

Lowesha mikono kwanza. Usimburute kwenye mchanga. Ile plaisi yako ya kazini itumie nyumbani kabla ya safari: bana kile kijino cha nyuma ya ncha ya ndoano mpaka kilale, ndoano itatoka kwa kuivuta kidogo tu bila kupasua mdomo. Utapoteza samaki mmoja mmoja, utazoea. Akiwa ameimeza mpaka kooni, usichokonoe. Kata mshipi karibu na mdomo umwachie. Mshikilie ndani ya maji mpaka aondoke mwenyewe, usimrushe. Na kama mnatumia ndoo iliyowahi kubeba oili chafu, hata ukiisugua na Omo, itafutie kazi nyingine.

Kuna mmoja wa kurudisha kila mara, awe mkubwa awe mdogo: mkunga. Huyu anazaliwa baharini, Bahari ya Hindi huko, anapanda mto Pangani akiwa mdogo kama sindano, anakaa mtoni miaka mingi, kisha anateremka mara moja tu kwenda kutaga na kufa. Siku hizi njiani kuna bwawa la umeme la Hale, kuna la Nyumba ya Mungu. Mkunga aliyefika huku kwetu amepita mengi.

Tarehe ya kufunga msimu basi, kama unataka yangu, haiko kwenye kalenda. Angalia dimbwi na dimbwi. Siku maji yakiacha kupita kutoka moja kwenda jingine, kunja mshipi, hata kama ni Agosti. Ukitamani sana kuvua, shuka kwenye Kikuletwa wenyewe, chemchemi za Rundugai zinaufanya utiririke hata katikati ya kiangazi. Ila mbali na pale Chemka wanapoogelea watu, na ukishuka kuelekea bwawani usisimame ndani ya maji, mamba hawajui leseni. Vuli ikianza, pumzika tena. Rudi Januari maji yakiwa yameingia kwenye mkondo wake na kuanza kuonekana chini, vua mpaka kabla ya masika, kisha tena kuanzia Juni. Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya raha kwa ndoano: maji ya baridi, yanakimbia, samaki ana nguvu, na wewe unalazimika kujua kuvua kweli kweli badala ya kuchota.

Zimebaki zile pampu. Hasira yako ni ya haki, na usiimeze. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilipanga foleni: kwanza maji ya watu kunywa na matumizi ya nyumbani, pili maji ya mto wenyewe na viumbe wake, halafu ndipo kilimo na wengine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inataka anayechota kwa ajili ya kumwagilia awe na kibali, na kibali kinataja kiasi. Iwe mfongo, ule mfereji wa asili wa tangu enzi za babu, au pampu ya petroli iliyonunuliwa juzi. Siwalaumu wakulima moja kwa moja. Bonde hili lina wagombea maji wengi kuliko maji yenyewe, na nyanya ndizo zinazolipa ada. Lakini pampu inayokausha dimbwi la mwisho inaua wote, wakubwa kwa wadogo, kwa asubuhi moja, jambo ambalo ndoano zenu nne haziwezi.

Anayetoa vibali hivyo ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na ofisi zake ziko hapa hapa Moshi. Andika siku uliyoziona, saa, sehemu zilipo, na kama maji chini ya pampu yalikuwa yakipita au yamesimama. Usiende peke yako. Mwombe mwenyekiti mwende wote. Mwambie umekubali kuacha madimbwi mpaka mvua, sasa na yeye akusindikize.